Sanduku Lililosubiri Arobaini

Konso akirudi kazini siku hizo alikuwa haongei. Anafungua lango, ananiamkia, "Shikamoo Bibi," anavua viatu hapo hapo kwenye baraza ya saruji, anakaa na kuegemea ukuta. Naitikia marahaba na kumwacha. Mtu aliyechoka namna ile humsemeshi mpaka anywe maji.

Jina lake kamili ni Consolata Andrew. Amepanga chumba cha uani kwangu hapa Pangani, Kibaha, tangu alipopata kazi kwenye kiwanda kimoja cha chakula cha mifugo kule Zegereni. Baba yake ni Mwalimu Andrew, Mnyamwezi aliyeletwa na serikali kufundisha Kisarawe akiwa kijana, akaoa huko huko na kuzeekea huko huko. Mimi ni Siwema binti Kondo, Mzaramo wa Chole ya Kisarawe, kwa hiyo yule binti ni mtani wangu. Siku alipokuja kuuliza chumba nilimwambia Wanyamwezi siwapangishi, wanamaliza maji ya kisima kwa kunawa vumbi la safari. Akanijibu kwamba Mzaramo ukimwona na nyumba ya tofali, ujue kuna shamba la watu limeuzwa. Nikampa ufunguo.

Kazi yake ni ya kompyuta. Mimi nilidhani anapiga chapa, kama makarani wa zamani wa wilayani, akacheka sana. Yeye anatunza mashine moja wanayoiita seva, inayokaa peke yake kwenye chumba chenye ubaridi kuliko hata cha meneja, na ndani ya mashine hiyo mna barua pepe zote za kiwanda. Kila mtu wa ofisini ana sanduku lake humo, na masanduku yote yamo ndani ya ghala moja ambalo wao huliita kanzidata. Usiku, watu wakishaondoka, seva inanakili ghala zima kwenye diski nyingine, ili umeme ukija vibaya ukaunguza, au mwizi akivunja, barua zisipotee. Kunakili huko ndiko wanakoita bekapu. Nimeeleza hivi kwa sababu ndivyo alivyonieleza mimi nikaelewa, na sioni kwa nini mwingine asielewe.

Zamani bekapu ilianza jioni ikamalizika kabla ya adhana ya alfajiri. Ikaanza kuchelewa. Kwanza ikawa inamkuta Konso yuko njiani. Mwisho ofisi inafunguliwa, makarani wameshakaa, bekapu bado inasaga, na mashine yenyewe haiwezi kunakili na kuwahudumia watu kwa wakati mmoja. Barua hazifunguki. Wafugaji wa kuku walioagiza chakula kwa barua pepe wanaona wamepuuzwa, wanakwenda kununua kwingine.

Meneja wao, Calist, alimwita ofisini kwake.

"Dada Konso, mimi mambo ya mashine siyajui. Ninachokijua ni kwamba asubuhi barua hazifunguki. Mkataba wako unaisha mwezi huu. Kuna kampuni ya Dar inasema itafanya kazi hii kutoka huko huko, bila hata mtu kukanyaga hapa. Sasa nisaidie nisifike huko."

Aliyasema kwa upole. Konso akaniambia afadhali angefoka.

Na mimi nilijua maana yake. Akiikosa kazi ile, hapa Kibaha hana pengine pa kushika. Angefunga godoro lake arudi Kisarawe kwa wazazi, na umri wake wa kulala chumba cha watoto kwa Mwalimu Andrew umeshapita.

Akaanza kutafuta ugonjwa. Alishuku diski ya kunakilia, akaomba nyingine, mambo yakawa yale yale. Akashuku waya unaounganisha mashine na diski, akakuta umetafunwa na panya, maana penye pumba za mahindi panya hawakosi. Akaweka mpya, bekapu ikapata nafuu, siku chache tu ikarudi kulemewa. Akagundua kwamba programu ya kukagua virusi inaanza kazi saa ile ile ya bekapu, zote mbili zinagombania mashine kama wanawake wawili wenye ndoo kwenye bomba moja. Akazitenganisha. Nafuu tena, kisha mwendo ule ule wa mgonjwa.

"Ingekataa kabisa kupona ningejua nimekosea njia," aliniambia, maji yako mkononi hayanywi. "Lakini kila ninapogusa inapona kidogo, Bibi. Inanidanganya."

"Barua hazijaongezeka?"

"Watu ni wale wale. Nimetoa orodha ya masanduku, nimepima moja moja. Hakuna lililonenepa."

Alikuwa anaondoka kabla ya jogoo na kurudi jua limezama, macho mekundu, chakula anakichokonoa tu. Nilimtania kwamba Mnyamwezi anayeshindwa na mzigo sijapata kumwona tangu nizaliwe. Akaniaga akaenda kulala. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Kosa lilikuwa kwenye orodha ile, na ili lieleweke lazima nimtaje Mzee Abdulwahab.

Abdulwahab alikuwa mkuu wa mizani pale kiwandani, ile mizani kubwa ya getini ambapo lori zima linapanda na mzigo wake wa pumba au mashudu ya alizeti. Mtu wa Chole, kwetu. Mama yake nilimjua, alikuwa akisuka mikeka na hakuna aliyempita. Akimwona Konso anapita kwenda ofisini humpigia kelele kutoka kwenye kibanda cha mizani: "Mababu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na wewe unabeba barua zetu! Ukoo gani huu usiotua mzigo?" Naye Konso humrudishia: "Na nyie mlikaa pwani mnatupokea kwa ngoma, mpaka leo hamjanyanyua hata kikapu!" Madereva walikuwa wakiegesha makusudi wapate kusikiliza.

Pale mizani pana kamera. Kila lori likipimwa linapigwa picha, na picha inakwenda yenyewe kwenye sanduku la barua la mkuu wa mizani, ili dereva asije akabisha kesho. Mzee Abdulwahab alikuwa na desturi yake. Kila siku kabla ya kwenda kuswali alasiri alizipitia picha zote, na zisizokuwa na ubishi akazifuta. Mwenyewe, mkewe alituambia baadaye, aliita kufagia. Hakuna aliyemwagiza, na kumbe kiwandani hakuna aliyejua, hata Konso, kwa sababu sanduku lililofagiwa kila siku halina cha kuonekana.

Kabla ya mvua za masika Mzee aliondoka kazini mapema akilalamikia kifua. Hakurudi. Alizikwa Chole, na kiwanda kikapeleka mabasi.

Baada ya mazishi, ofisi ya utumishi ililitoa jina lake kwenye orodha ya wafanyakazi, kama inavyopasa. Na Konso alipotaka kupima masanduku, kompyuta ilimpa majina kutoka kwenye orodha hiyo hiyo. Kwa hiyo muda wote ule alikuwa anapima masanduku ya walio hai. La marehemu lilikuwa limekaa gizani, na kamera ya getini, isiyojua msiba, ikiendelea kumletea picha ya kila lori, asubuhi mpaka jioni, bila mtu wa kufagia.

Aligundua siku alipoiacha ile orodha na kuliuliza ghala lenyewe lina nini ndani. Sanduku la Mzee lilikuwa kubwa kuliko ya wote wengine yakiunganishwa.

"Basi limekwisha hilo," nilimwambia, moyo umenitulia. "Futa, ulale."

"Halijaisha, Bibi. Ndiyo kwanza limeanza."

Siku ya msiba, mbele ya watu, Calist alisema kwamba kila kitu cha Mzee kibaki kama alivyokiacha mpaka arobaini isomwe, ndipo familia ije ichukue chake. Watu wote waliafiki. Kofia yake iko kwenye droo, kikombe chake kiko dirishani pale kibandani, na sanduku lake la barua likahesabiwa humo humo, ni mali ya marehemu. Nani angebisha? Kwetu vitu vya mtu haviguswi kabla watu hawajakaa, wakala, wakasoma, wakavigawa. Na arobaini yenyewe ilikuwa imesogezwa, maana mwanawe mkubwa, Faraji, ni dereva wa malori ya Kongo na alikuwa amekwama mpakani.

Konso alikwenda kwa Halidi, aliyeshika mizani baada ya Mzee, akamwomba walau picha zianze kuja kwenye sanduku lake.

"Dada Konso, unanitafutia maneno," Halidi akasema. "Nikae kwenye jina la Mzee hajasomewa? Watu wa Chole watasema kumbe nilikuwa naombea afe. Kikombe chake chenyewe nakizunguka."

Akapanda kwa meneja. Calist akashika kichwa.

"Nilitoa neno mbele ya watu. Siwezi kulirudisha mimi mwenyewe. Mjane akisema ndiyo, sina kizuizi."

"Basi mpigie, kaka."

"Yuko edani, Konso. Mimi na Halidi tutamsemesha vipi?"

Akarudi nyumbani, akavua viatu, akakaa. Nikamletea maji. Akayanywa yote safari hii, kisha akaniangalia.

"Bibi, Chole si kwenu?"

Magoti yangu hayataki safari, lakini Jumamosi nilivaa baibui nikatoka naye. Tukapitia Mlandizi, tukaishika njia ya Maneromango, na kutoka huko tukachukua bodaboda mbili, mimi nikimkemea wangu kila kwenye korongo. Mvua zilikuwa zimekatika ila barabara ilikuwa bado na makovu yake. Tulipofika Konso alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nikataka kumtania, nikaona si wakati wake.

Hajra, mjane, alikuwa chumbani kwenye mkeka, amejitanda nguo nyeupe. Mlangoni alikaa wifi yake, Swaumu, dada wa marehemu, anamenya mihogo na kisu kirefu. Swaumu namjua tangu anavuta kamasi. Tukatoa pole, tukapokewa, tukakaa. Nikaeleza nilivyoweza: kuna sanduku, kuna picha za malori, mashine inaelemewa, binti huyu atapoteza kazi.

Swaumu hakuinua macho kwenye mhogo.

"Dada Siwema, wewe ni mkubwa, umeyakuta haya na utayaacha. Arobaini ya kaka yangu imesomwa?"

"Bado."

"Basi mbona unaniuliza? Hakuna kitu chake kitakachoguswa na mtu. Kiwe shoka, kiwe barua. Faraji arudi kwanza."

"Faraji anarudi lini?"

"Akirudi."

Hajra akasema kwa sauti ndogo, "Wifi, ni picha za malori tu."

"Leo picha za malori, kesho watakuja kuchukua mlango."

Nikajaribu tena, nikamtajia na mama yao. Swaumu akamenya. Nikaishiwa. Hapo nikamsikia Konso akivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayetua kitu kizito, na kabla sijamgusa goti maneno yakamtoka:

"Wazaramo nyie! Hata mkifa bado mnatubebesha mizigo!"

Nilitamani sakafu inimeze. Kisu cha Swaumu kikasimama.

"Umesemaje wewe mtoto?"

"Nimesema mnatubebesha." Hakurudi nyuma. "Kila siku alikuwa ananiita mpagazi. Alinitukania babu na babu wa babu. Sasa amekwenda kulala zake chini, ameniachia malori mgongoni. Na aliniahidi jogoo, hajanipa!"

"Baba yako nani?"

"Mwalimu Andrew."

"Yule Mnyamwezi wa Kisarawe?" Swaumu akageuka kwangu, kisu juu. "Dada Siwema! Umekaa hapa muda wote huo unaniletea habari za mashine, hukusema umekuja na mtani?"

Ni kweli, sikusema. Mimi niliyemtania kila asubuhi, hata haikunipitia kichwani. Mambo ya kompyuta yalikuwa yamenichanganya, nikayaona ya ugenini, nikasahau kwamba mtu aliyefiwa ni Mzaramo na mtu anayeomba ni Mnyamwezi. Pale kwetu vitu ambavyo ndugu anaviogopa na rafiki anaviheshimu, mtani ndiye anayevishika. Siku ya mazishi mtani anaweza kulala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chake, na hakuna anayemkasirikia.

Swaumu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga, na kicheko kikageuka kidogo kuwa kilio, kikarudi tena kicheko. Kutoka ndani nikamsikia Hajra naye, kidogo, kama mtu aliyesahau namna yake.

"Mpagazi we, una bahati mbaya," Swaumu akasema. "Mzigo ni wako. Haya kaubebe. Kafagie, uniachie jina la kaka yangu lilipo. Hilo la jina linangoja arobaini."

"Na jogoo?"

"Jogoo utamkimbiza mwenyewe!"

Tulipokuwa tunaaga, Hajra alimwita Konso karibu na mkeka.

"Mwanangu, mume wangu hakupenda kupigwa picha. Hata ya kitambulisho alikunja uso. Hizo za malori, yeye yumo?"

"Sijui, Mama. Sijaziangalia."

"Utaziangalia kwanza, kabla ya kufagia?"

Niliyaona mabega ya Konso yakishuka. Picha zile hazihesabiki, na karibu zote zilipigwa Mzee akiwa ameshalala Chole. Angeweza kumwambia hivyo, akajivua mzigo huo.

"Nitaziangalia, Mama."

Jumapili hakwenda misa. Alikwenda kiwandani watu wakiwa hawapo, kwa sababu kufuta peke yake hakutoshi. Aliniambia ukifuta, ghala linabaki na mapengo, ukubwa ni ule ule; lazima seva isimamishwe ipate kulikunja upya, na hilo haliwezekani makarani wakiwa kazini. Lakini kwanza alizitazama picha, akianzia ya zamani kabisa.

Hakuhitaji kwenda mbali. Picha za mwanzo zilikuwa za siku ile Mzee alipoondoka mapema na kifua chake, siku pekee ambayo hakufagia. Nyingi zilimwonyesha kipande: bega pembeni ya tairi, fimbo, ncha ya kofia. Kwenye moja tu alikuwa mzima. Amesimama kando ya lori la mashudu, mkono umeinuka anamwambia dereva rudi, rudi, na kwa sababu gani sijui ameitazama kamera. Hakukunja uso.

Hata hivyo Konso alizipitia na nyingine zote mpaka mwisho, lori baada ya lori. Nilimuuliza kwa nini, na ile aliyoitaka mjane ilikuwa imeshapatikana. Akasema aliahidi kuangalia.

Alirudi jua limeshuka, akala mezani kwangu amesinzia, kijiko mdomoni.

Jumatatu bekapu ilikuwa imemalizika kabla ya adhana. Alifika, akafungua chumba cha baridi, akakuta mashine imetulia haina la kumwambia. Ofisi ikafunguka, barua zikafunguka. Hakuna aliyesema kitu. Karani wa mapokezi alimwita, Konso akadhani anakwenda kushukuriwa, kumbe printa imekwama karatasi. Habari ya mkataba hakumkumbusha Calist, alimwacha aikumbuke mwenyewe. Kabla ya wiki kuisha akamsainia mwaka mwingine, akamwambia kampuni ya Dar amewajibu hapana, kisha akamuuliza kama anaweza kutazama na kamera za ghala la nyuma, nazo zinasumbua.

Picha ya Mzee tuliisafisha kwenye studio ya mjini, tukampa dereva mmoja wa kwetu aipeleke Chole. Swaumu alinipigia simu. Akasema Hajra ameilaza chini ya mto, na kwamba jogoo amekuwa mkorofi, mpagazi aje upesi.

Faraji bado hajarudi, arobaini bado haijasomwa. Ruhusa tuliyopewa ilikuwa ya kufagia tu, jina halikuguswa, na Halidi bado anakizunguka kile kikombe. Kwa hiyo malori yanaendelea kuja kwenye sanduku la marehemu, na kila siku, kabla ya alasiri, Konso anaacha anachofanya, anakaa, anazipitia picha, anazifuta. Ananiambia Halidi husimama upande wa pili wa lori. Upande aliokuwa akisimama Mzee hapana mtu.

Jana alifungua lango, akaniamkia, akavua viatu, akaegemea ukuta.

"Umefagia?" nikamuuliza.

"Nimefagia, Bibi."

"Haya. Kisamvu kiko jikoni, na maji usiyamalize."

Akacheka kwa pua tu, macho ameyafumba.